Mwaka Ambao Redio Alinyamaza

Mwalimu wa jiografia wa ile shule ya sekondari iliyo nyuma ya kituo cha mabasi aliitwa kwa jina lake mbele ya uso wake tu. Akishageuza mgongo, alikuwa Redio. Hakuna aliyejua nani alianza, lakini jina lilimkaa kama shati la kupimwa, kwa sababu mzee huyo akishashika chaki alikuwa anaongea mpaka kengele ilie, na ikilia anaikasirikia kana kwamba imemkata kauli. Wa viti vya nyuma walikuwa wakijifanya wanakohoa na kusema "punguza sauti" ndani ya kikohozi. Redio alisikia, akajifanya hakusikia. Jioni alimsimulia mke wake, wakacheka wote wawili, maana kusema kweli jina lile alilipenda.

Somo lake kubwa lilikuwa mito. Mto ukiwa kijana, alisema, una haraka, unaruka mawe, haumsikilizi mtu, na hapo alitembea mbio mbele ya darasa huku koti likipepea. Ukifika umri wa kati unatulia, unaanza kujijengea. Ukizeeka unakuwa mnene, unazungukazunguka bila kujua unakwenda wapi, umebeba matope ya maisha yake yote na hauna pa kuyaweka. Hapo Redio alitoa tumbo nje, akaburuta miguu hadi mlangoni, akashika kiuno. Darasa lilikufa kwa kicheko. Miaka mingi baadaye, watu wazima wenye vitambi vyao walimsimamisha sokoni wakamwambia, "Mwalimu, nimekuwa mto mzee."

Kwenye kiti cha mbele kabisa alikaa msichana waliyemwita Malkia. Naye jina lake lilikuwa na sababu zake: hasalimii watu. Ungepishana naye kwenye korido ukampungia mkono, akakupita kama nguzo. Wenzake walisema anaringa, na mwenyewe hakujitetea. Lakini somo likianza aliinamisha kichwa upande, sikio likamwelekea mwalimu, akasikiliza kwa mwili mzima. Hakuandika sana. Ukimuuliza swali, jibu lilitoka limekamilika, hata na vichekesho vya Redio mwenyewe ndani yake. Kila mwalimu ana mwanafunzi mmoja ambaye ndiye anayemfundisha hasa, hata darasa likijaa namna gani, na wa Redio alikuwa huyu. Mitihani ya maandishi ndiyo ilikuwa ikimwangusha. Kwenye ripoti yake Redio aliandika "mvivu wa kuandika", akaona amemaliza kazi.

Heri lisemwe mapema kuliko kufichwa: Malkia alikuwa haoni vizuri. Macho yake yalikuwa yanajifunga kutoka pembeni kwenda katikati, polepole, bila maumivu, na yeye alidhani watu wote wanaona hivyo. Mtu aliyekuwa akimpungia mkono upande wa kulia alikuwa hayupo kabisa katika dunia yake. Hakukuwa na maringo yoyote.

Ndipo akaja mkuu mpya wa shule. Walimu walimwita Madam, na hata waliomchukia walikiri kwamba mama huyu anajua anachotaka. Alikuwa amefundisha miaka mingi akaona watoto wanavyopotea katikati ya darasa: huyu ameelewa zamani anasinzia, yule hajaelewa anaogopa kuuliza, na mwalimu yuko mbele anaongea na ukuta. Aliwaambia walimu kwamba shule imejengwa kwa ajili ya mwalimu, na yeye amekuja kuijenga upya kwa ajili ya mwanafunzi. Kila mtoto atakwenda kwa mwendo wake. Mwenye haraka atatangulia, anayehitaji muda atapewa muda. Redio alinyoosha mkono akauliza mwalimu atafanya nini sasa. Madam akamjibu kwa upole kwamba mwalimu atatembea na kila mmoja, badala ya kuwaburuta wote kwa kamba moja.

Likizo nzima mafundi walikuwa kazini. Kuta za madarasa matatu zilivunjwa yakawa ukumbi mmoja. Madawati yaliyopangwa kama jeshi yakatolewa, zikaja meza za duara. Ubao wa Redio uling'olewa, na fundi seremala wa shule akaukata akaugeuza rafu za kuwekea vitabu. Redio alipoingia siku ya kwanza alizitambua rafu kwa rangi yake, akapitisha kidole juu yake kutafuta vumbi la chaki. Hakulikuta, maana seremala alikuwa ameusugua vizuri.

Kila mwanafunzi alipewa vikombe viwili vya plastiki, kimoja cha kijani na kimoja chekundu. Hapo ndipo penye mambo yote. Ukiweka cha kijani juu, maana yake naendelea, niacheni. Ukiweka chekundu, maana yake nimekwama, njooni. Kwa hiyo hakuna anayelazimika kunyoosha mkono mbele ya wenzake, wala kuchekwa. Kila mmoja ana vijitabu vyake vya somo na kompyuta ya kushirikiana na jirani, anasoma, anafanya, akimaliza anakwenda hatua nyingine. Mwalimu anapita kimya akiangalia rangi.

Redio hakuweza. Alipita kwenye meza akaona mtoto anasoma habari za mito, mdomo ukamwasha, akaanza. Dakika si nyingi meza tatu zimegeuka zinamsikiliza, kazi zimesimama. Madam alimwona mara ya kwanza akanyamaza, mara ya pili akanyamaza. Mara ya tatu akamwita ofisini, akafunga mlango, akamkaribisha kiti.

"Mwalimu," alisema, "yule mtoto alikuwa na kikombe cha kijani. Alikuomba nini?"

"Hakuniomba kitu."

"Sasa pale ulikuwa unamsikiliza yeye, au ulikuwa unajisikiliza mwenyewe?"

Redio alisimama akaaga. Maneno yale yalimuuma kwa sababu aliyasikia yana ukweli. Alikwenda nyumbani akamwambia mke wake kwamba ameamua kushika adabu. Kuanzia kesho kikombe cha kijani kitakuwa kufuli mdomoni mwake. Mke akacheka, akamwambia hawezi, huyo si yeye, hata usingizini anafundisha. Kule shuleni nako walimu waliwekeana dau la soda kwamba Redio hafiki mwisho wa mwezi. Yeye akapiga moyo konde. Akajifunza kutembea mikono nyuma, midomo imebana, akawa kimya kama maji ya mtungini. Akirudi nyumbani alikuwa bado amenyamaza, mpaka mke akalalamika kwamba nyumba imekuwa kama ya msiba.

Ubaya wa mambo ni kwamba mfumo ule ulifanya kazi. Ingekuwa rahisi kusimulia kama ungeshindwa. Kulikuwa na kijana waliyemwita Babu kwa sababu alirudia madarasa hadi akaota ndevu, mtu ambaye Redio alikuwa amekwishamkatia tamaa. Babu aliachwa na mwendo wake, akatengeneza kwa udongo ramani ya mtaa mzima, na mitaro yote na mahali maji yanapotuama mvua ikinyesha, akaieleza vizuri hadi Redio akatoka nje kujifuta macho. Siku hiyo alimwendea Madam mwenyewe akakiri. "Nilikuwa nawapigia kelele," alimwambia. Tangu hapo akawa mfuasi kuliko wafuasi wenyewe. Walimu vijana walipoteleza wakaanza kuhutubia, ni Redio aliyewaonyesha kikombe kwa kidole.

Na kikombe kilichompa furaha kuliko vyote kilikuwa cha Malkia. Kila mwalimu alipewa kundi dogo la kulea, la kukaa na kila mmoja faragha na kumuuliza anaendeleaje, na Malkia aliangukia kwake. Kikombe chake kilikuwa cha kijani asubuhi na cha kijani jioni. Hakuwahi kugeuza chekundu hata mara moja. Redio alipokaa naye, msichana alisema, "Naendelea, mwalimu," kwa sauti tulivu, huku mkono wake ukipapasa ukingo wa meza kama mtu anayesawazisha kitambaa. Wageni walipokuja kuona shule mpya, Madam aliwapeleka kwenye meza yake. Aliwaambia, huyu hapa hahitaji mtu wa kumsukuma. Malkia alitabasamu akiangalia kidogo pembeni ya walipokuwa wamesimama, na wageni wakaona ni haya ya msichana aliyelelewa vizuri.

Alikuwa anajikwaa pia. Meza zilihamishwa kila juma kulingana na kazi, na kila juma alipata kovu jipya kwenye muundi wa mguu. Wenzake walimtania kwamba hata viti Malkia hasalimii. Vijitabu alivishika karibu na pua, akapoteza mstari, akaanza upya, akapoteza tena. Wakati ule alikuwa ameshaelewa kwamba wengine hawaoni kama yeye, na kwamba tundu analoonea dunia linazidi kuwa dogo. Alipiga hesabu zake za kitoto: akisema, atatolewa shule. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa anamlea peke yake na kumwambia kila siku kwamba cherehani itasimama binti akishapata kazi. Basi akanyamaza. Hata nyumbani aliacha kumtungia mama uzi kwenye sindano, akisema yuko na kazi za shule. Mama alinung'unika kwamba elimu imeanza kumharibu.

Siku moja, mbele ya zile rafu zilizokuwa ubao, Malkia alimngoja Redio apite. Alimtambua kwa viatu, maana vilikuwa na mlio wake.

"Mwalimu, hutafundisha tena kama zamani?" aliuliza. "Hata kidogo tu. Ule mto."

Moyo wa Redio uliruka. Hakuna alichokuwa anakitamani kama kile. Lakini alikumbuka ofisi, akakumbuka Babu na udongo wake, akajiona kama mlevi aliyeacha na sasa anaonjeshwa. Alijisikia fahari kwa jibu alilotoa.

"Hayo yamepita, binti yangu. Sasa wewe ndiye dereva. Unakwenda vizuri kuliko wote, mimi nisije nikakuharibia."

Malkia alisema ahsante. Alirudi mezani akihesabu viti kwa vidole, na Redio akamtazama anavyokwenda taratibu, akafikiri, mtoto ametulia huyu.

Mwisho wa mwaka hakukuwa na mtihani wa kukaa kimya. Wazazi walialikwa, na kila mwanafunzi alisimama mbele yao akaonyesha kazi aliyojichagulia. Ukumbi ulijaa. Mama yake Malkia alikuja na gauni alilojishonea mwenyewe, tepu ya kupimia bado iko shingoni kwa kusahau. Ilipofika zamu ya bintiye, Madam alimtambulisha kwa maneno marefu.

Malkia alisimama mikono mitupu, akaanza. Mto ukiwa kijana una haraka. Sauti ilikuwa yake, lakini mahali pa kupumua, mahali pa kushuka na mahali pa kungoja kicheko palikuwa pa Redio. Alitembea mbio hatua chache, akatulia, akatoa tumbo, akaburuta miguu. Wazazi walicheka hadi wakagongana mabega. Redio, aliyekuwa amesimama ukutani, alicheka pia, kisha kicheko kikamkauka taratibu. Lile lilikuwa somo la mwaka uliopita. Hakukuwa na kitu hata kimoja cha mwaka huu ndani yake, hata jina la mto ambalo Redio hakulitoa kwa mdomo wake mwenyewe.

Makofi yalipotulia Madam alimwomba, kwa upendo kabisa, awaonyeshe wazazi mto huo ulipo kwenye ramani. Ramani kubwa ilikuwa ukutani nyuma yake. Malkia aligeuka. Aliinua mkono, akasogeza kidole kwa uhakika wote wa Redio, akakiweka juu ya rangi nyeupe ya ukuta, mbali na ukingo wa ramani. "Hapa," alisema. "Unaanzia hapa."

Mtu mmoja alicheka akidhani ni utani mwingine. Halafu kidole kikaanza kutafuta, kikapanda, kikashuka, kikagusa msumari wa ramani, kikatulia hapo. Mama yake alisimama. Aliwapita watu wa mstari wake bila kuomba radhi, akaenda mbele, akapunga mkono upande wa uso wa mwanawe. Uso haukushtuka. Akapunga tena karibu zaidi. Kisha akamvuta kifuani, na Redio akabaki ukutani.

Hospitalini daktari alisema ni presha ya macho. Ni ugonjwa wa wizi, alieleza, hauumi, unachukua kidogokidogo kutoka kando, na ulichochukua haurudishi. Kuna dawa ya matone ya kuuzuia usiendelee. Mama akauliza ingekuwaje kama wangemleta mapema. Daktari aliangalia karatasi zake, akasema kwamba hata angeletwa mwanzoni mwa mwaka huu, angekuwa bado na macho ya kusomea. Sasa kilichobaki ni mwanga na kivuli, na watajitahidi kubakiza hicho.

Madam alilia ofisini kwake na mlango wazi. Alisema mfumo wote ule aliuleta kwa ajili ya mtoto mmoja asipotee katikati ya wengine, na mtoto mwenyewe amepotelea mezani kwake akionyeshwa wageni. Redio hakumlaumu. Angemlaumu vipi, na yeye alikaa na msichana yule mwaka wa chaki na mwaka wa vikombe, mwaka mmoja akiongea bila kumtazama na mwaka mmoja akitazama kikombe? Alilisema hilo wazi mbele ya walimu wote, kisha akaketi. 

Kulikuwa na shule ya wasioona, mbali, ya bweni, na nafasi haikuwepo mpaka mwaka unaofuata. Malkia akabaki nyumbani. Alasiri moja Redio alikwenda. Chumba kilikuwa kimoja kikubwa kilichogawanywa na pazia, cherehani iko dirishani kufuata mwanga, vipande vya nguo vimejaa sakafuni isipokuwa njia nyembamba iliyofagiliwa kutoka kitandani hadi mlangoni, ya kupita binti. Mama alimwamkia kwa heshima, akampa kigoda, akarudi kwenye kazi yake. Hakumtupia neno baya. Redio angependa zaidi kutukanwa.

"Shikamoo, mwalimu," Malkia alisema kabla hajajitambulisha. Viatu vilikuwa vimeshamtaja.

"Marahaba, binti yangu." Alikaa. Yeye, Redio, hakuwa na la kusema. Aliuliza kama matone yanauma, akajibiwa hayaumi. Aliuliza habari za ile shule ya mbali, akaambiwa atafundishwa kusoma kwa vidole. Mwishowe akauliza lililomleta. "Kwa nini hukugeuza kile chekundu? Hata mara moja?"

Msichana alifikiri. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lilimvunja mzee wa watu.

"Ningegeuza, ungekuja ungenionyesha kwenye kitabu. Ningesema siwezi kusoma, ungesema mvivu."

Cherehani ilikuwa inakwenda. 

"Halafu nilikuwa nakusubiri," aliongeza. "Watu wote walisema huwezi kunyamaza. Mpaka walimu walikuwekea dau. Nikasema wiki hii atachoka, ataanza tu kuongea mwenyewe kama zamani, na mimi nitasikia, nitajifunza yote kwa pamoja. Kila nikisikia viatu vyako najiweka tayari." Alitabasamu kidogo, upande ambao Redio hakuwepo. "Sikujua kwamba utaweza."

Mzee alifunika uso kwa mikono yake miwili. Alilia bila sauti, kama alivyojifunza mwaka ule kufanya kila kitu bila sauti, na kwa sababu hiyo msichana hakujua kwamba analia. Alidhani tu kwamba mwalimu amenyamaza tena.

"Basi fundisha," alisema. "Kwani umekuja kufanya nini?"

Redio alifuta uso kwa mkono wa koti. Akasimama katika ile njia nyembamba iliyofagiliwa, akajaribu. Mto ukiwa kijana, alisema, una haraka. Sauti ilitoka imekwaruza, ndogo, sauti ya mtu anayesoma kwa wagonjwa.

"Ongeza, mwalimu," Malkia alisema. "Sikusikii."

Cherehani ilisimama. Mama alikuwa ameondoa mguu kwenye pedali, mgongo bado umegeukia dirishani, anasubiri naye. Redio akavuta pumzi, akaanza upya kwa sauti yake yote, mpaka majirani wakachungulia mlangoni kuona kuna nini. Msichana aliinamisha kichwa upande, sikio likamwelekea, kama alivyokaa siku zote mbele ya darasa, na safari hii mwalimu alimtazama.